Weupe Chini ya Msolo wa Naipingo

KITUO CHA POLISI NACHINGWEA
Maelezo ya shahidi, Ijumaa, 21 Oktoba 1949

Jina: Sikuzani binti Yunusi
Umri: Hajui mwaka. Anasema wakati wa Maji Maji alikuwa mtoto anayetembea.
Kabila na dini: Myao, Mwislamu
Kazi: Mkulima wa mtama na ufuta
Makazi: Naipingo

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Kiswahili changu ni cha sokoni, kwa hiyo nimemwomba Koplo Kasmiri aandike polepole.

Nimekuja kwa ajili ya Swalehe bin Amri, mume wa binti yangu Mwanaima, ambaye mmemfungia humu tangu juzi. Mnasema aliiba chokaa ya kampuni akahamisha mpaka wa shamba la karanga. Hakuhamisha kitu. Weupe ule niliuweka mimi, tena haukuwa chokaa.

Koplo aliniambia niende moja kwa moja kwenye chokaa. Nilimjibu kwamba njia ya kwenda huko inapita kwanza kwa baba yangu.

Baba na wenzake walivuka Ruvuma wakakaa Matambarale. Njaa iliyofuata vita ikawatoa huko, wakaja Naipingo. Mji haukuwapo. Hapa mlipojenga reli na nyumba za bati palikuwa pori, na tembo walipita watakavyo. Mipaka yetu ilikuwa kijito upande wa mawio, vichuguu upande wa machweo, na katikati mti wa msolo. Wazee wetu tumewazika kuuzunguka msolo huo, na baba yumo. Walipokuja Wazungu wa karanga, katapila ziling'oa miti kila kiangazi, mpaka tukajikuta tunapakana na mji bila kuhama. Watu wanasema Nachingwea itaizidi Lindi. Sawa, ikue, lakini isikulie juu ya baba yangu.

Bwana mpima wa kampuni huweka alama za mpaka kwa chokaa. Huimwaga shinani mwa miti, na katapila ikifika hapo hugeuka. Swalehe ndiye anayembebea ndoo ya chokaa.

Mnamo tarehe 17 Oktoba, Jumatatu, alfajiri, nilikwenda kwenye msolo na unga wa mtama. Mvua zimekaribia, na kwetu hatupandi kabla ya kutambika. Niliumwaga unga shinani, kisha nikauzungusha pembeni mwa makaburi yote, kama alivyofanya mama yangu. Nilipoinua kichwa nilimwona Swalehe anakwenda kazini. Aliniona, akaacha njia na kuingia porini.

Hakuwa anakimbia. Kwetu mume wa binti hamtazami mama mkwe usoni, hapiti naye njia moja, wala jina langu halitoki kinywani mwake. Ana miaka sita kwangu na sijawahi kusikia sauti yake vizuri.

Kesho yake dereva wa katapila, Teofili, alikuta weupe, akadhani ni alama ya bwana mpima. Akageuka, akauzunguka msolo na makaburi, akaendelea na kazi yake. Mungu ambariki. Msimamizi alipoona kipande kimebaki alisema mbeba ndoo kawapendelea wakwe zake. Jumatano wakamleta hapa.

Jana jioni Mwanaima alirudi kutoka kumpelekea chakula, akasema, "Mama, wanamuuliza nani kaweka weupe. Anajibu, 'Namjua, ila siwezi kumtaja.'" Nililia. Kisha nikakasirika. Heshima gani hii ya kumlaza mtu kwenye saruji! Ningekuwa na ruhusa ya kumsemesha ningemgombeza.

Leo nilipoingia humu nililiona mezani kopo la tumbaku. Koplo alisema ndicho kielelezo, chokaa iliyozolewa chini ya msolo. Sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka dirishani mpaka ndani ya kopo. Nilimwambia, "Baba, tangu lini sisimizi wakala chokaa?"

Koplo alichovya kidole akalamba. Akalamba tena. Kisha akasema, "Mama, huu ni mtama," akacheka mpaka askari wa mlangoni akaja kuangalia. Mimi nilikaa chini nikacheka naye.

Swalehe ametolewa sasa hivi. Amesimama uani, amenipa mgongo kama inavyotakiwa, na mabega yake yanatikisika. Nimemwambia Mwanaima, niliyekuja naye, kwa sauti kubwa, "Mwambie mumeo unga mwingine upo nyumbani. Leo ale yeye kwanza, wazee watasubiri."

Niliyokuja nayo ni hayo. Nimesomewa, na yako kama nilivyoyasema, isipokuwa neno nililomwita msimamizi, ambalo koplo amekataa kuliandika.

Alama ya dole gumba: Sikuzani binti Yunusi

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mbele ya shahidi na kumsomea. Mtuhumiwa ameachiwa, hana kosa. Bwana mpima amefika, ameonyeshwa makaburi, na amekubali kuyaacha nje ya shamba. Kesho ataweka chokaa palepale ulipomwagwa unga. Kielelezo hakikuhifadhiwa. Kimemalizwa na sisimizi.

Koplo Kasmiri