Waingereza wa Mwalimu

Jumanne, 1 Julai

Nasuka ukili tangu asubuhi, ukanda wa kushonea mkeka. Vidole vinauma. Shangazi Mwajuma kapika uji, nimekunywa nusu. Yeye ndiye anayekaa nami kipindi hiki cha eda, na ndiye anayeitikia hodi. Mimi mlangoni sifiki.

Kitabu cha marehemu mume wangu, Mwalimu, bado kiko juu ya kabati. Ndani yake kuna kipande cha ukili wangu, alama ya pale alipoishia. Sijakigusa tangu azikwe. Leo nimekifuta vumbi tu.

Alhamisi, 3 Julai

Shemeji Abdala kapiga simu kutoka Mahege, kasema na Shangazi. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja kuchukua vitabu vya kaka yake. Mwalimu aliusia mwenyewe viende shule ya kule. Nilikuwepo akisema. Sina neno.

Ila kile kimoja hatujakimaliza.

Vyote ni vya namna moja: hadithi fupi za Waingereza wa siku hizi, waandishi wengi ndani ya jalada moja. Kila akienda Dar alirudi na kimoja kutoka kwa wauza vitabu vya mitumba. Alisema hawa si wale Waingereza wa somo la historia. Hawa wanapanga vyumba, wanaachana, wanazeeka peke yao. Mimi Kiingereza sijui, nimeishia la saba. Alikuwa akisoma kimoyomoyo, kisha ananieleza kwa Kiswahili, mimi nasuka. Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Marehemu bibi yangu alikuwa akituambia hadithi ya mchana inamwotesha mtu mkia. Mwalimu alisema wa kwake ataukalia.

Ijumaa, 4 Julai

Ijumaa ndiyo mbaya. Baada ya kula nimetandika mkeka uani kwa mazoea, nimesogea na kumwachia upande wake. Nimekaa hivyo kidogo, halafu nimeukunja.

Hadithi tuliyoiacha: mama mmoja, mji wa baridi, anaishi ghorofani. Binti yake aliondoka kwa hasira, miaka mingi hana habari zake. Mvua inanyesha. Mama anakunja nguo. Mlango unagongwa.

Hapo Mwalimu akafunga kitabu. Akasema kifua kinambana, tutamalizia kesho. Kesho yake wanaume walikuwa makaburini wanachimba.

Nataka kujua nani aligonga. Naona aibu hata kuandika. Wajane wenzangu wanauliza habari za shamba na minazi, mimi nauliza mlango wa Mwingereza. Lakini ndicho kitu pekee alichoniahidi siku ile.

Jumapili, 6 Julai

Usingizi mchache. Nimemkumbuka binti yetu, Tatu.

Tulikuwa Kiongoroni, Mwalimu kapangiwa shule ya kule deltani. Homa ilimpanda mtoto maji yamekupwa, mashua imekaa juu ya tope. Tukasubiri maji yajae. Tatu hakusubiri. Hata kufunga kamba za viatu vyake alikuwa hajajua.

Baada ya kumzika nilinyamaza. Nilipika, nilifua, sikusema. Watu wakadhani nimeingiliwa na kitu. Mwalimu hakuniletea mganga, aliniletea Waingereza. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya mzee anayemtafuta mbwa wake aliyepotea, anazunguka mitaa yote anaita. Mwisho mbwa akarudi. Nikamuuliza, "Kakonda?" Ndilo neno lililonitoka kwanza. Mwalimu akasema kakonda sana, lakini anakula. Akageuka upande, akajifanya anatafuta miwani.

Jumanne, 8 Julai

Nimemwomba Shangazi amwite wifi Zainabu, mdogo wake Mwalimu. Anafundisha sekondari huko Umwe, Kiingereza anakijua. Shangazi kauliza kuna nini. Nimesema kuna jambo la kitabu. Kanitazama vibaya, ila kapiga simu.

Alhamisi, 10 Julai

Wifi kaja. Kasoma palipo na alama, kafunua ukurasa, karudi nyuma.

"Mlango umegongwa. Mama kasimama ukumbini, taulo mkononi. Basi, wifi."

"Basi vipi? Nani kagonga?"

"Hawakusema. Ukurasa unaofuata ni hadithi nyingine."

Nimemwambia ananificha. Pengine anayegonga kaleta msiba, ananionea huruma. Mwalimu hakuwahi kuishia njiani. Hadithi zote alizifikisha. Wifi kaniuliza zipi. Nikamtajia ile ya mbwa. Akaitafuta kwenye kitabu cha zamani kuliko vyote, kile kilicholiwa na mchwa pembeni. Kaisoma yote huku ameinama.

Mbwa harudi. Mzee anatundika kamba ya mbwa kwenye msumari, anazima taa.

Nikamtajia ya ndugu wawili waliogombana. Kitabuni hawapatani. Ya mtoto wa hospitali. Kitabuni haijulikani. Wifi alianza kulia, mimi macho makavu. Nimekasirika. Nimemkasirikia maiti, Mungu anisamehe. Miaka yote hiyo kanifanya mtoto mdogo.

Ijumaa, 11 Julai

Sikutandika mkeka. Nimemwambia Shangazi kichwa kinauma.

Hasira imekaa mpaka adhuhuri. Halafu nikawaza: alikuwa akisoma kimoyomoyo kwanza. Akifika mwisho alikaa kimya, ananitazama ninavyosuka, kisha ndipo anasema. Mimi nilidhani anatafuta Kiswahili chake.

Kumbe alikuwa ananitafutia mbwa.

Nimelia leo kuliko siku ya maziko. Shangazi kaleta maji, hakuuliza. Namtaka arudi anidanganye tena. Hilo tu ndilo ninalolitaka.

Jumamosi, 12 Julai

Shemeji kaja asubuhi na bodaboda. Kapiga hodi, mimi niko ukumbini na ukili mkononi. Nikasimama pale pale. Kufungua si kazi yangu. Shangazi kapita pembeni yangu kwenda mlangoni, ndipo nikamkumbuka yule mama na taulo lake. Nimemwonea huruma. Yeye hakuwa na Shangazi.

Vitabu vimejaa maboksi mawili. Shemeji kasema kutoka barazani kwamba kama nataka nibaki na kimoja cha ukumbusho, shule haitadai. Nimemjibu kupitia pazia vyote viende, kama alivyousia. Nilichosomewa mimi humo hakimo. Kabla maboksi hayajafungwa nimechomoa kitabuni kipande changu cha ukili.

Mchana tumekula wali na kisamvu. Shangazi kalala. Nimetandika mkeka uani, nimekaa upande wangu, nimeshika kazi. Nimesuka kidogo, kisha nimesema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu.

Nimesema mama yule akaenda akafungua. Ni binti yake, viatu vimelowa, kamba hazijafungwa. Mama hakumuuliza alikuwa wapi. Akamfunika kichwa kwa lile taulo, akamfuta nywele, akamwambia aingie ndani, chai ipo.

Mwalimu angeimaliza vizuri zaidi. Lakini imeisha.

Ilikuwa mchana kweupe. Mkia uote ukitaka. Nimeunga kile kipande kwenye ukili wangu, nikainuka kuswali alasiri.