Mvinyo wa Euro Sita kwa Baba Mkwe

Jumanne, 5 Septemba

Siku ya kumi na saba ya ndoa! Bado nikiamka natazama kidole kwanza: pete ipo. Halafu natazama upande wa pili wa kitanda: Gaëtan yupo, kinywa wazi. Mume wangu! Hata akikoroma namwona mzuri.

Ila leo kanitia homa. Alikuwa anakaza bomba la sinki jikoni — kutwa yuko kwenye mabomba ya watu, akirudi anashika la kwake — na kichwa kikiwa ndani ya kabati akasema hivi hivi tu kwamba baba na mama yake wanakuja kula Jumapili ya tarehe kumi na saba. Niliruka kwa furaha. Wageni wetu wa kwanza! Sahani za harusi!

Halafu akasema, "Kuna jambo la mvinyo."

Jambo lenyewe ni hili. Baba mkwe, Mzee Norbert, akialikwa nyumbani kwa mtu mara ya kwanza huja na maua tu, na hunywa anachopewa. Hasifu, halalamiki. Lakini kama hakuupenda mvinyo, mara ya pili anakuja na chupa yake mwenyewe ndani ya mkoba wa ngozi. Anaiweka mbele ya sahani yake. Hukumu ndiyo hiyo, haina rufaa. Séverine, mke wa kaka yake Gaëtan, anajiwa na mkoba huo mwaka wa tisa sasa. Hata Krismasi!

"Na mvinyo wa supamaketi anausemaje?"

"Unafaa kuoshea vioo."

Yeye hunywa mvinyo wa mkulima anayemfahamu tu. Na sisi tunanunua wapi? Supamaketi. Mungu wangu.

Ijumaa, 8 Septemba

Gaëtan kasema twende duka la mvinyo mtaani, tuchukue chupa moja ya euro thelathini, tumalize mambo. Nimekataa. Nikimwandalia wa thelathini siku moja, itabidi nimwandalie wa thelathini maisha yangu yote! Nataka mvinyo wetu wa kweli, wa watu kama sisi. Usiozidi euro sita. Na uwe mtamu mpaka mzee afumbe macho.

Kwa hiyo tunaonja kila jioni. Ndoa ni raha jamani.

Chupa ya kwanza ilikuwa na medali tatu za dhahabu kwenye lebo. Ladha ya penseli iliyotafunwa na mwanafunzi.

Ya pili, picha ya kasri kubwa na mvua ya maua. Gaëtan kasema si mbaya. Lakini huyu husema si mbaya hata kwa dawa ya kikohozi.

Ya tatu hatukuionja sawasawa. Tulianza kubusiana, tukaisahau. Asubuhi ilinuka siki.

Jumapili, 10 Septemba

Séverine kanipigia simu. "Karibu chamani, mdogo wangu!" Akacheka mpaka akakohoa. Ananisimulia ile mara ya kwanza: alipika nyama ya ndama siku mbili nzima, mzee akala mara tatu, akashukuru vizuri. Mwezi uliofuata, mkoba huo mlangoni.

"Nilijifungia chooni nikalia," kasema. "Si mvinyo, Ludivine. Ni kwamba anakula chakula chako, anabeba watoto wako, lakini mezani kwako anakaa kama yuko stesheni anasubiri treni."

Nilipokata simu sikucheka tena. Sitaki mkoba huo nyumbani kwangu. Nataka mtu huyu akae mezani kwetu kama kwake. Wazazi wangu mimi wako mbali, huku nina hao tu.

Jumanne, 12 Septemba

Maonyesho ya mvinyo yanaanza kesho! Yale ya kila Septemba, supamaketi zote zinapojaza chupa hadi kwenye sehemu ya sabuni. Katalogi ninayo tangu Alhamisi. Nimezungushia duara chupa kumi na moja. Gaëtan kaomba ruhusa ya muda wa saa mbili kazini kwa sababu za kifamilia. Si uongo.

Jumatano, 13 Septemba

Siku gani hii!

Tulifika saa mbili kasoro robo. Mlango unafunguliwa saa mbili na nusu. Foleni ilishafika kwenye pampu za mafuta! Wastaafu watupu, kila mmoja na toroli, kila mmoja na katalogi imekunjwa mfukoni, na kila mmoja anaificha kama mtihani. Bwana mmoja alikuwa na viatu vya kukimbilia. Mbele yetu alisimama Bibi Bourdeix — zamani aligawa barua za posta wilaya nzima, kwa hiyo anajua kila mtu. Akachungulia karatasi yangu bila haya.

"Umechagua nini, wewe bibi harusi? Hizi? Kwa medali?" Akatikisa kichwa. "Kila mtu ana medali. Mbwa wangu ana medali. Geuza chupa, soma maandishi madogo nyuma. Kama mwenye shamba kautia chupani mwenyewe, jina lake lipo na kijiji chake kipo. Mtu anayeandika anwani yake anajua utakuja kumgombeza."

Nikamweleza habari za baba mkwe. Akavuta pumzi kama daktari.

"Basi usinunue kwa macho. Chukua moja moja, nenda kaonje garini. Ukiipata, rudi mbio kabla hawajaimaliza hawa fisi."

Mlango ulipofunguliwa, wazee hawa wenye magoti mabovu walikwenda kama maji ya bomba lililopasuka! Nilisukumwa kwa toroli na mtu mwenye fimbo. Gaëtan alinyoosha mkono juu ya vichwa vya watu — mkono huo mzuri, mrefu! — akatoka na chupa nne.

Saa tatu asubuhi tuko ndani ya gari lake la kazi, katikati ya mabomba na gundi, kizibuo mkononi, vikombe vya karatasi, na ndoo ya kutemea kati ya magoti yetu. Kama walevi waliofukuzwa nyumbani! Gari la kando yetu lilikuwa la Bibi Bourdeix. Yeye hatumii ndoo. Anafungua dirisha na kutema nje, mstari mmoja ulionyooka. Mlinzi wa maegesho akapita.

"Bibi Bourdeix, mwaka huu tena?"

"Nyamaza, Kévin. Ninafanya kazi."

Halafu Kévin akagonga kioo chetu. Nikadhani tumekwisha. Akainama, akanusa vikombe, akauliza upi mzuri. Gaëtan akasema yote si mbaya.

Chupa ya nne. Lebo nyeupe, haina kasri, haina medali. Jina dogo la mwenye shamba na la kijiji chake, basi. Euro tano na senti tisini. Niliweka mdomoni na nikasahau kutema. Matunda meusi, halafu kitu kama udongo baada ya mvua, halafu ukimya. Nikamtazama Gaëtan. Hakusema si mbaya. Alishika mkono wangu tu.

Nikafungua mlango nikakimbia. Zilibaki saba. Nimechukua sita, na ya saba nikampa Bibi Bourdeix.

Alhamisi, 14 Septemba

Chupa zimelala chini ya kitanda chetu, ndiko kwenye ubaridi zaidi. Gaëtan anatembea kwa vidole asizisumbue. Nampenda sana.

Tumekubaliana: hatumdanganyi mzee. Atakunywa kwanza, na tukifika kwenye jibini, baada ya nyama, nitamwambia mwenyewe umetoka wapi na ni bei gani. Akiupenda, ataupenda ukweli na yote. Gaëtan kaapa.

Jumapili, 17 Septemba, asubuhi

Bata yuko ndani ya oveni. Viazi vimemenywa. Kibandiko cha bei nimekibandua kwa kucha, kwa adabu tu, si kwa kuficha. Kengele!

Jumapili hiyo hiyo, saa kumi jioni, ndani ya gari

Mwandiko mbaya, naandikia juu ya goti.

Walikuja. Maua ya waridi ya njano. Mama mkwe Odile akasifu mapazia. Bata aliiva vizuri. Gaëtan akamimina. Mzee Norbert akazungusha glasi, akanusa, akanywa. Akameza. Odile akaendelea na mapazia.

Halafu mzee akanyoosha mkono, akachukua chupa, akajimiminia mwenyewe! Odile akaacha mapazia katikati. Gaëtan aliwahi kuniambia hajapata kumwona baba yake akijimiminia nyumbani kwa mtu.

"Mmeutoa wapi huu?"

Jibini lilikuwa bado, lakini nikasema moyoni, sasa hivi. Nikafungua mdomo. Ukweli ulikuwa kwenye ulimi kabisa! Na mume wangu, mume wangu mpenzi, aliyeapa Alhamisi, akanitangulia:

"Kwa mkulima mmoja. Tunafahamiana. Hasa Ludivine. Wamezoeana sana, ni kama ndugu."

Nilimpiga teke chini ya meza. Aliyeguna ni Odile.

Mzee akavaa miwani. Akageuza chupa, akasoma maandishi yale madogo nyuma. "Lakini kijiji hiki ni nusu saa tu kutoka hapa! Na huu ni msimu wa kuvuna, hata Jumapili yupo shambani." Akasimama, leso ya mezani bado shingoni. "Binti yangu, vaa koti. Unipeleke kwa huyu mtu."

Binti yangu! Mpaka leo aliniita mke wa Gaëtan, hata mbele ya macho yangu. Ningefanyaje? Nilivaa koti.

Njiani Gaëtan aliendesha, mzee kando yake mbele, anaimba. "Nilijua tu," anasema, "kitu kama hiki huwezi kukikuta madukani." Masikio ya Gaëtan, nikiyatazama kwa nyuma, mekundu kama pilipili. Odile kando yangu akaninong'oneza, macho yakiwa dirishani:

"Rafu ya chini, lebo nyeupe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi huuchukua kila mwaka. Huunywa siku ya kuosha vioo."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, je, nimwambie? Akafikiri kidogo. "Mimi nimenyamaza miaka thelathini na minane. Lakini mimi hakuwahi kuniita binti yangu."

Sasa tumefika. Geti liko wazi, matrekta, nyuki, harufu ya zabibu zilizopondwa. Gaëtan na mzee wameshuka, Odile amewafuata. Nimesema natafuta skafu. Skafu ninayo shingoni.

Mwenye shamba ametoka. Mtu mnene, buti zina madoa ya zambarau, anafuta mikono kwenye suruali. Wamepeana mikono na mzee, kama watu wasiojuana wanavyofanya. Mzee anaongea, anacheka, ananyoosha kidole kwenye gari. Kwangu. Yule bwana anatazama kioo. Amekunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka. Maskini, anajaribu kweli!

Kama ni mgeni kwangu nampa mkono, na mzee atajua papo hapo. Kama ni ndugu yangu lazima nimbusu mashavuni. Mtu sijawahi kumwona!

Gaëtan kasimama nyuma yao, ananitazama kwa macho yale yale ya kanisani.

Mzee ananiita. "Binti yangu, njoo!" Kwa sauti ya kujivunia. Nasikia mpaka humu ndani.

Sawa. Nashuka. Nitambusu. Lakini kwetu tunabusu mara mbili, na huku ng'ambo ya mto sijui kama desturi ni mbili au nne