Uso wa Mkwe Kwenye Keki

Yadira, nimekwisha! Mgahawani kwa Don Chuy sirudi tena, hata kama Palm Springs nzima hakuna mchuzi wa mole kama wake.

Leo ni bethdei ya mama yake Ulises. Ndiyo, mkwe mtarajiwa, yule asiyecheka hata akitekenywa!

Keki ikaja. Mgahawa mzima ukaanza: "Ang'ate! Ang'ate!" Unatujua sisi Wameksiko, mwenye bethdei akiinama kung'ata keki lazima asukumwe.

Nikasukuma. MIMI! Uso wote ndani, pamoja na miwani!

Hata wapiga gitaa wakaacha kupiga. Ulises ananinong'oneza, "Umefanya nini wewe?"

Mama akainuka, akalamba krimu mdomoni. "Keki yenyewe haina ladha. Ya harusi yenu nitaoka mwenyewe."

Akanikazia macho. "Na siku hiyo, mwanangu, utainama wewe."