Serikali Imekuwa Mshenga

Jumatatu, 6 Oktoba

Basi nilikuwa nasema, pale umeme ulipokatika jana — mama anaimba bafuni! Mama huyuhuyu! Tangu baba atutoke alikuwa anatazama ukuta tu. Neno moja kwa siku, na neno lenyewe "sitaki". Mwezi wa kwanza basi la wazee lilipokuja kumchukua tulimpandisha kama tunapandisha kabati. Leo kaamka kabla yangu, kajipaka mafuta, anamwambia dereva amechelewa.

Na kituo chenyewe si kituo, ni ile shule yetu ya zamani. Watoto waliisha. Redioni wanasema wazee wamekuwa wengi na watoto wachache, serikali imeshtuka. Imeshtuka leo! Sisi wasusi tulijua zamani. Saluni imejaa vichwa vya mvi, vitoto vya kusuka havionekani. Basi wakaifunga shule, wakabomoa ngazi, wakaweka vyuma vya kushikia ukutani, wakaandika mlangoni Kituo cha Wazee cha Mchana. Vyoo wamesahau. Bado ni vile vifupi vya darasa la kwanza. Mama anasema kukaa ni kazi, kuinuka ni kazi ya pili.

Mimi shule ile niliishia darasa la nne. Kosa la Mwalimu Kimya! Akiingia anasema "Kimya", hata nzi wanatua. Orodha ya wapiga kelele ikisomwa, jina langu la kwanza. Kila siku! "Mpiga kelele namba moja, njoo mbele." Kaka yangu naye alikuwa anamwogopa mpaka siku moja kajificha kwenye pipa la maji. Pipa lilikuwa na maji.

Kilemba changu cha kijani sikioni. Kile chenye nyuzi za dhahabu. Namshuku wifi, mke wa kaka. Alikisifia mara mbili, na mtu hasifii kitu mara mbili bure.

Jumanne, 7 Oktoba

Leo nimepata habari! Tamu! Shoga yangu mpishi wa kituo amekuja kusuka. Bado mgeni mtaani, wale wazee anawajua kwa nguo zao tu. Kasema wapo wawili wanapendana! Kila siku saa nne wanajibanza nyuma ya tangi la maji. Babu mrefu, suruali imenyooka, haongei na mtu. Na bibi mmoja wanamwita Bibi Kijani. Babu sikio moja limekufa, basi Bibi Kijani anakaa upande wa lile zima. Babu anamsomea gazeti. Bibi anamvunjia biskuti, anamchovyea kwenye chai, anamlisha.

Nimecheka mpaka chanuo limenitoka mkononi! Nikamwambia mpishi, huyo Bibi Kijani ana watoto kweli? Wanajua mama yao anafanya nini kule? Mpishi kasema watoto wa siku hizi, shoga, wakishamsukumia mzazi ndani ya basi wamemaliza.

Nimemhadithia fundi cherehani wa jirani. Na muuza maziwa. Na wateja wote wa mchana, hata yule aliyekuja kuuliza njia. Chumvi nimetia kidogo tu. Biskuti peke yake haikolei. Busu nimeliongeza mimi.

Wifi nimekutana naye sokoni, nimemwambia wazi kilemba changu kina miguu. Kanuna.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mungu wangu.

Mama kasahau miwani. Nimemkimbilia na viatu vya kuogea, basi limeshaondoka, limesimama kwenye kona. Nikamwona dirishani. Anavua kitambaa chake cheusi. Anatoa kitu mfukoni, anakikung'uta, anajifunga.

Kijani. Nyuzi za dhahabu.

Bibi Kijani ni MAMA!

Nimesimama pale na miwani mkononi mpaka basi limepotea. Miaka yote wateja wananivisha kilemba cha ukoka, eti hakuna habari inanipita. Kumbe cha hariri kavaa mama na mimi sina habari!

Na wifi nimeshamwita mwizi. Na busu limeshafika mpaka kwa muuza maziwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemuuliza. Nilijikaza tangu jana, nusura nipasuke. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. Kasema, "Kilemba nimekiazima."

"Mama, kuazima unaomba."

"Wewe uliponyonya uliomba?"

Nani anamweza?

Kisha kanipa habari yenyewe, kwa upole, kama anaongelea mchele. Pale kwenye uwanja wa mpira serikali imejenga vijumba. Chumba, jiko, choo kirefu cha watu wazima, muuguzi anapita asubuhi na jioni. Wanaanza kuwapa wazee wawili wawili wanaokubali kutunzana. Kwenye karatasi zao wanaita wenza. Mmoja akianguka mwingine anaita. Eti ndiyo njia waliyoiona, maana wauguzi hawatoshi kukesha na kila mzee.

"Na wewe na huyo mwenzio —"

"Tumekubaliwa. Jumatatu ufunguo."

Nimecheka! Mimi nilitegemea serikali ilete dawa na fimbo za kutembelea. Kumbe serikali imekuwa mshenga! Nikamuuliza ni nani. Kasema, "Utamwona. Ana adabu." Hilo tu. Siri ya mama yangu hata nyundo haiipasui. Sijui mimi nilitoka kwa nani.

Halafu kauliza kwa sauti ndogo, "Kaka yako atasema nini?"

Nikaona tena ule ukuta.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kaka ameshajua. Maneno yangu yametoka kwa fundi cherehani yakaenda kwa wifi — na wifi ana kisasi cha kilemba, aliposikia Kijani akajua ni mama! — yakafika kwake yamenenepa. Kapiga simu anafoka. Busu! Hadharani! Mbele ya watu wa serikali! Hata vijumba kavisikia! Kesho kikao. Mama haendi kijumba chochote, na basi lisimchukue tena.

Busu ni langu. Nimelitunga mwenyewe na chanuo mkononi.

Nilitaka kumwambia. Nikasema "kaka, lile busu..." akasema "usilitaje!" akakata.

Mama kasikia yote. Hajaimba leo. Kilemba kakikunja, kakiweka juu ya kitanda changu.

Jumapili, 12 Oktoba

Niko jikoni, nangoja maji yachemke, naandika nisije nikaropoka. Kikao kimeanza. Mlango nimeuacha wazi kidogo. Kwa ajili ya moshi.

Nilimrudishia mama kilemba nikamfunga mwenyewe. Vizuri, cha juu, cha mtu anayekwenda kudai chake.

Kaka anaongea kama redio iliyovunjika kitufe. Watu watasema tumemtupa mama serikalini! Tumeshindwa kumlisha mtu mmoja! Kisha kahamia kwake mwenyewe. Anasoma mita za maji, mwaka huu alikuwa apumzike, afuge kuku wake, serikali ikaongeza miaka mitano. Eti vijana hawatoshi. "Mimi wananiambia bado kijana, mama yangu wanampa mchumba! Serikali gani hii?"

Wifi anasema tumia akili, baba watoto. Wifi! Nitamsuka bure mwaka mzima.

Mama kasema, "Wewe ulioa, mdogo wako akaolewa. Niliitisha kikao?"

Kaka kasema hayo ni mengine. Kasema huyo mzee aje, yeye na yeye, mwanamume kwa mwanamume, amwonyeshe —

Hodi.

Kaka kakatika katikati ya neno. Kiti kimeburuzika. Kasimama! Nasikia: "Shikamoo, mwalimu." Kwa sauti ya darasa la pili!

Nimechungulia. Mrefu. Suruali imepigwa pasi, ungeweza kukatia mkate. Mwalimu Kimya! Yu hai! Na kaka na mvi zake kaweka mikono nyuma!

Mama kamvutia mwalimu kiti, yeye kakaa upande wa sikio zima. Sasa nasikia kila kitu.

Mwalimu: "Kaa, kijana. Ulikuwa unasema nini kuhusu mama yako?"

Kaka: "Nilikuwa nasema... vile vijumba havina ngazi. Ni vizuri."

Mama kacheka! Cheko lile la zamani, la baba yu hai! Mimi huku nacheka, machozi yananitoka, sijui kipi kwanza.

Mama: "Na la busu lisemwe. Maana huyu sijambusu. Tunataka kujua nani katuona."

Kaka kasema ndivyo mtaa mzima unavyosema, mwalimu. Bado kakunja uso kidogo. Hajasema ndiyo. Hajasema hapana.

Maji yanachemka, siondoi sufuria.

Mwalimu kakohoa. Kasema taratibu, "Nilikuwa na msichana mmoja darasa la nne. Dawati la mbele. Habari zake zilikuwa nzuri, ila kila moja ilikuwa na kitu kimoja kisichokuwepo."

Hapana. Hapana!

"Mpiga kelele namba moja! Njoo mbele!"

Umri huu! Na mjukuu njiani! Miguu imeshasimama yenyewe. Naja, mwal