Wananiita Mama Mafuta

Jumanne, 4 Machi
Nimeparua samaki tangu saa moja asubuhi. Nauza wabichi tu. Wateja wakiuliza wa kukaanga nasema jiko limeharibika. Uongo. Jiko ni zima, mbovu ni mimi.
Leo ni siku ya tisa. Bega bado linauma.
Vijana wa bodaboda wamenipa jina: Mama Mafuta. Wakipita wanapiga honi na kuniinulia dole gumba. Wanadhani nafurahi.

Jumatano, 5 Machi
Niandike yote mara moja, nisirudie tena.
Siku ile, saa nane mchana. Mvua kubwa, hakuna mtu barabarani. Ouko aliingia kibandani kujikinga. Namjua, hushona viatu ng'ambo ya barabara. Mwaka mzima amekula samaki wangu. Nikageukia karai la mafuta ya moto. Nikasikia komeo likifungwa. Mkono mmoja shingoni mwangu, mwingine unavuta nguo yangu. Sauti haikutoka. Nikachota mafuta kwa kijiko kikubwa, nikayarusha nyuma, juu ya bega. Mengine yaliniunguza mwenyewe.
Alilia kama mtoto. Bodaboda wakasikia, wakavunja mlango.
Ningerudi pale ningefanya vilevile. Lakini kile kilio sijui nikipeleke wapi.

Ijumaa, 7 Machi
Polisi wameniita tena. Ouko bado yuko hospitalini, shingo na sikio vimeungua vibaya, lakini ameanza kuongea. Anasema sisi ni wapenzi. Eti nilimwonea wivu. Eti mlango ulikuwa wazi.
Afisa ni mwanamke wa rika langu. Aliandika bila kuniangalia.
"Mama Achieng, nani alikuona ukishambuliwa?"
Hakuna.
"Basi usisafiri mbali."
Baba Achieng, mume wangu, akapiga simu kutoka Nakuru. Swali lake la kwanza: kwa nini ulikuwa peke yako? Nimekuwa peke yangu kwenye kibanda hiki miaka saba. Nina hasira naye kuliko niliyo nayo kwa Ouko. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Jumapili, 9 Machi
Sikuenda kanisani. Dada yangu Rose anataka nihamie kwake Luanda Kotieno, tuanike omena, dagaa wa ziwani, pamoja mpaka watu wasahau. Nilimwambia polisi wamenikataza. Nilifurahi kuwa na sababu. Nikikimbia sasa, uongo wa Ouko utageuka ukweli.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefunga mapema.
Kuna mwanamke alinunua samaki wawili, ngege, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli tulikuwa wapenzi. Alikuwa anatabasamu.

Jumanne, 11 Machi
Mama yake Ouko amekuja.
Mzee, mwembamba, leso kichwani. Nilishika kisu cha samaki. Alikiona, akabaki mlangoni kwenye jua.
"Nyathina, mwanangu, sikuja kukulaumu. Wala sikuja kukuomba. Niambie wewe mwenyewe alichofanya."
Nikamwambia. Nilitaka kumpunguzia, lakini nikasema yote, hata la nguo. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.
"Komeo lilikuwa limefungwa?"
"Ndiyo, Mama. Uliza waliovunja mlango."
"Nimeshawauliza."
Akasema kulikuwa na msichana kule Bondo, miaka mitatu iliyopita. Familia ilikwenda kwa kina msichana, ikaomba msamaha, yakaisha.
"Tulinyamaza," akasema. Akaondoka bila kuniaga.
Sasa namwonea huruma, na sitaki.

Alhamisi, 13 Machi
Chifu alituita tuelewane kinyumbani. Walikuja kaka wawili wa Ouko, mama yao, mimi na Rose. Kaka mkubwa alisema ni ugomvi wa wapenzi, kila upande umeumia, tusameheane. Chifu akatikisa kichwa kukubali. Niliona jinsi itakavyokuwa rahisi. Maneno machache, sala, kila mtu kwake. Na nitabaki mpenzi wa Ouko mpaka nife.
Nikasema sikubali. Sauti ilitoka, safari hii.
Kaka akasimama. Mama yake akamvuta shati.
"Keti. Huyu mama hakuanza. Mwanangu ndiye aliyeanza, na Bondo pia alianza yeye. Nitakwenda kuandikisha hayo kwa polisi."
Kaka mdogo alitoka nje.

Jumatatu, 17 Machi
Afisa amenipigia simu. Mimi ni shahidi sasa, si mshukiwa. Ouko akitoka hospitalini atapelekwa mahakamani. Safari hii sauti yake ilikuwa ya upole.
Nilingoja furaha. Haikuja. Nilifua nguo zote nyumbani, hata safi.
Wale wa bodaboda nimewaomba waniite jina langu. Mmoja ameona haya. Wengine watazoea.

Jumamosi, 22 Machi
Mvua asubuhi, kisha jua. Nimeuza wabichi, wakaisha kabla ya saa sita. Kukaanga bado. Labda baadaye, labda basi.
Nilikwenda kusukwa kwa Mama Faith. Mwezi mzima sijasukwa, kwa sababu msusi lazima asimame nyuma yako. Nilimwomba aongee bila kunyamaza, nijue aliko. Hakuuliza kwa nini. Aliongea mambo ya nguruwe wake. Amezaa wanane, mmoja hataki kunyonya, wanampa maziwa kwa chupa.
Alipofika nywele za kisogoni nilikuwa nimesinzia.