Tangazo la Baba Mkubwa Lililokwama

Bugene, Karagwe,
29 Aprili 2025.

Mpendwa kaka yangu Hirwa,

Shikamoo, ingawa umenizidi mwaka mmoja tu na kila nikikuamkia unashika kidevu kama askofu. Hujambo huko Masasi? Wifi yangu Agnetha hajambo? Na watoto, yale mafua yamewaachia? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua imetuonea huruma mwaka huu, maharage yamefunika ardhi yote. Baba mgongo umepungua kuuma, nami nimelijua hilo kwa sababu ameanza tena kugombana na mbuzi wa jirani. Mama Mkubwa ni mzima. Anakula vizuri, na Jumapili alikwenda misa kwa miguu yake. Najua habari hiyo ndiyo uliyoitafuta kwanza.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma kisha unakaa kimya. Sikulaumu. Mtu aliyechimba kaburi la baba yake kwa mikono yake mwenyewe ana haki ya kukasirika. Nilikuona ukiwa ndani ya lile shimo, umevua lile koti ulilokuja nalo kumuuguza, udongo mpaka shingoni, na majirani watatu wakikupokea jembe kwa zamu. Toka tuzaliwe Kihanga hatujaona mfiwa akichimba. Nililia zaidi kwa hilo kuliko nilivyomlilia Baba Mkubwa.

Nakumbuka pia maneno uliyoyasema ukipanda basi: kwamba babako aliwazika watu wa hapa wote, nao wakatuacha tuzikane wenyewe, na kwamba kibanja, shamba lile la nyumbani, kitauzwa na Mama Mkubwa utamchukua. Leo ninalo jibu, kwa hiyo tafadhali kaa chini usome mpaka mwisho, usiikunje barua hii katikati kama ulivyozoea kukunja za shule.

Kilichotuuma wote ni kwamba tuliambiwa tangazo limetumwa. Unajua utaratibu wa chama chetu cha kuzikana siku hizi. Zamani mtu alitembea nyumba kwa nyumba. Sasa katibu, mama Placidia, anaandika tangazo kwenye ukurasa wa chama, na programu inalipeleka kwenye simu ya kila mwenye zamu kwenye msiba huo: nani achimbe, nani alete maji na kuni, nani ndizi. Asiyepata tangazo hujua si zamu yake, au msiba si wa chama. Siku ile Baba alimpigia Placidia, aliyekuwa Bukoba akimuuguza mama yake hospitalini. Baada ya muda mfupi akajibu, "Nimeliandika, limekwenda." Tukakaa tukisubiri watu. Walipokosa kuja, tukajua wamepata habari na wametususa. Mama Mkubwa aliniambia jikoni, "Uwiduhaye, miaka yote hii nilidhani sisi wa kuja tumekuwa wenyeji." Sina hamu ya kuikumbuka jioni ile.

Wewe ulipoondoka, hasira yako ukaniachia mimi. Nilimngoja Placidia arudi, na aliporudi nilipanda bodaboda mpaka kwake nikiwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa, mjumbe wa barua asije akaifungua. Akanisikiliza, akatoa simu, akanionyesha ukurasa. Tangazo lilikuwepo. Chini yake, kwa rangi ya kijani, neno: Imetumwa. Akaanza kulia. Na yeye alikuwa amesikia kwamba watu hawakuja, akadhani wamemdharau yeye.

Basi hapo akili yangu ya chuo ikaamka, ile ambayo ulisema ni ya kutolea fotokopi tu. Nikamuuliza, wewe mwenyewe ulilipata kwenye simu yako? Hakulipata. Na mimi sikulipata, lakini nani anaangalia simu siku ya msiba wa baba yake mkubwa? Tukamuuliza jirani, hakulipata. Tukamuuliza Nestory, yule kiongozi wa wachimbaji wa kitongoji cha juu. Akasema alisikia fununu tu kwamba kuna msiba kwa babako, mzee Twagirayezu, akaangalia simu, akaona kimya, akajua zamu ni ya wengine. Kila mtu alikuwa amekaa kwake akiwasifu wenzake kwamba wanachimba.

Placidia alitaka kununua salio jipya. Mweka hazina akasema ni mtandao wa Karagwe, tuuzoee. Mwingine akashauri tuzime kompyuta ya chama tuiwashe tena. Tulizima, tukawasha, kijani kikabaki kijani. Nikaona tusibahatishe, nikampigia Rwegasira, kijana wa Bukoba aliyeiandika hiyo programu. Kumbe naye si mtu wa maneno mengi. Wiki ya Pasaka akaja na basi, akakaa mbele ya kompyuta akitafuna karanga juu ya vibonyezo mpaka nikamwekea sahani.

Nikueleze alichokiona, kwa sababu ndicho kiini cha barua hii. Ukurasa anaouona Placidia ni kama karani wa dirishani: anapokea tu. Anayefanya kazi ya kutuma ni programu nyingine, iko nyuma ya pazia, inachukua ujumbe mmoja baada ya mwingine kwenye foleni. Karani akishapokea, alikuwa anaandika Imetumwa, hata kabla yule wa nyuma hajaugusa ujumbe wenyewe. Rwegasira aliona aibu. Akasema hilo ni kosa la kila siku la waandishi wa programu, na yeye alilifanya kwa macho makavu.

Sasa yule wa nyuma alikuwa na balaa lake. Rwegasira alifungua kumbukumbu ambazo programu hiyo hujiandikia ikifanya kazi, nasi tukaona mstari mmoja, umejirudia mpaka macho yakauma: namba si sahihi, jaribu tena. Namba si sahihi, jaribu tena. Ilikuwa namba ya mzee Ildefonsi. Alibadilisha laini, ikaandikwa ikiwa imepungua tarakimu moja, na ukurasa ukaipokea bila kuuliza. Siku chache kabla ya msiba lilitumwa tangazo la kusafisha chemchemi. Lilipofika kwa Ildefonsi likagonga mwamba, na programu, kwa utiifu wake wa kijinga, ikasimama papo hapo kujaribu na kujaribu. Ni kama pale kwenye mizani ya kahawa, mmoja ana gunia lililopasuka, na mpimaji hataki kumwambia asogee pembeni ashone, basi wote nyuma wananyeshewa. Ndiyo maana hata kwenye chemchemi walikuja nusu, wakawaita wenzao wavivu.

Na nyuma ya tangazo la chemchemi, kaka, lilikuwa limekaa la Baba Mkubwa. Halijafika kwa mtu hata mmoja. Nimelinakili hapa neno kwa neno:

"Tanzia. Mzee Anastazi Twagirayezu wa Kihanga ametutoka leo alfajiri. Maziko ni kesho saa nane mchana nyumbani kwake. Kuchimba ni Nestory na wenzake wa juu. Maji na kuni ni wa bondeni. Kila nyumba mkungu mmoja wa ndizi. Mzee huyu hakuwahi kukosa kwenye kaburi la mtu. Asibaki mtu nyumbani."

Nilisoma nikashindwa kuendelea. Rwegasira akaacha kutafuna. Hirwa, hawakutususa. Hakuna aliyeitwa.

Kurekebisha hakukuwa na kazi kubwa. Namba ya Ildefonsi tuliitimiza. Ukurasa sasa unaikataa namba yenye upungufu. Ujumbe ukishindikana mara tatu kwa mtu mmoja unawekwa kando na wengine wanaendelea, na Placidia anaambiwa ni nani hakufikiwa ili amwendee kwa miguu. Pale penye kijani sasa panaandikwa Inasubiri, mpaka kweli umefika. Na yule wa nyuma akinyamaza siku nzima, simu yangu inalia. Nimejitwika hilo mwenyewe, usiniulize kwa nini.

Lakini lilibaki jambo moja, na hapo hata Rwegasira aliondoa mkono. Tukiifungua foleni, kila kilichokwama kitakwenda. La chemchemi alilifuta, maana chemchemi imeshasafishwa. Akauliza kama na la Baba Mkubwa alifute. Kwa kawaida, akasema, kilichopitwa na wakati hufutwa, kisije kikawachanganya watu. Mimi nikasema si letu la kufuta. Nikaenda kwa Mama Mkubwa.

Alinisikiliza akichambua maharage. Nikamsomea tangazo. Akaniomba nilisome tena, halafu tena lile neno la mwisho, la asibaki mtu nyumbani. Nikamweleza shida iliyopo: limeandikwa kesho, likienda leo watu watakuja kesho, na kaburi limeshafukiwa. Akapepeta ungo wake bila haraka.

"Waje," akasema. "Liacheni liende kama alivyoliandika."

Likaenda Jumatano ya baada ya Pasaka. Placidia akaongeza la pili, la kusema ukweli: kwamba liliandikwa siku ya msiba, likakwama kwa hitilafu, na familia imeomba liwafikie. Nilisimama uani kwa Mama Mkubwa nikasikia simu zikilia kwa majirani, moja, halafu nyingine, mpaka ng'ambo ya bonde. Sijui kama nimewahi kuogopa hivyo. Je, kama wangelisoma wakaendelea na shughuli zao? Ningekujibu nini?

Kesho yake saa nane walikuja, kaka. Walijaza uwanja, wakajaza njia, wengine walisimama ndani ya migomba. Wa bondeni walibeba kuni na maji vichwani. Mikungu ilipangwa ukutani mpaka ukuta haukuonekana. Ildefonsi alileta miwili na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kila aliyempita alimwambia, mzee, leo umepatikana? Akacheka akalia kwa wakati mmoja. Akina Nestory walikuja na majembe, wote wa zamu ile, wakiwa wanajua fika kwamba hakuna cha kuchimba. Walikwenda moja kwa moja kwenye kaburi. Nestory alivua kofia, akamwambia Mama Mkubwa, "Mama, kazi hii ilikuwa yangu. Mwanao amenifanyia."

Mama Mkubwa alimshika mkono. Halafu akalia, kile kilio ambacho siku ya maziko alikizuia kwa sababu hakukuwa na wa kumpokea. Wanawake wakampokea. Wakalia naye mpaka alipotosheka, wakaimba, katekista akasali.

Halafu wale wa majembe wakauliza wafanye nini, maana hawawezi kurudi nyumbani na majembe makavu. Mama Mkubwa akawaonyesha kibanja. Wakapalilia chote, kuanzia barabarani mpaka kwenye ile mibuni ya chini uliyosema imekufa. Haijakufa. Wameikata matawi, wameitandazia majani, na chini ya matawi makavu tumekuta machipukizi.

Sasa kuhusu kuuza. Yule mnunuzi wa Nyaishozi uliyezungumza naye alikuja Jumamosi kutazama mipaka. Mama Mkubwa alimkaribisha vizuri, akampa ndizi, akamwambia amepotea njia. Nilimuuliza nikuandikie nini. Akasema, "Mwambie mwanangu nampenda, na nitakuja kuwaona wajukuu korosho zikiiva. Lakini hapa sihami. Watakaonizika wako hapa." Nimeyaandika kama alivyoyatamka, usije ukanisingizia.

La mwisho ni salamu ya Nestory. Aliniomba anwani yako, nikamwambia simu hupokei, akasema basi nikuandikie. Wamekubaliana Juni, mvua zikikatika, waje kulijengea kaburi. Matofali wanafyatua wao. Wanakuomba uje, na wamenituma nikuambie kwamba safari hii hutashika jembe wala koleo. Utakaa na mama yako, kama mfiwa anavyokaa, na wao ndio watakaofanya kazi.

Nisalimie sana wifi Agnetha, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Baba anakusalimu, Placidia anakuomba radhi, mzee Ildefonsi naye amesema usimchukie kwa tarakimu moja. Rwegasira hamfahamiani, lakini anakusalimu pia, na wewe usianze kuniuliza maswali juu yake.

Mungu wa babu zetu, aliyewavusha mto wa mpakani hadi wakapata pa kupanda mgomba, akulinde njiani mpaka ufike. Tunakusubiri Juni.

Dada yako akupendaye hata ukinuna,
Uwiduhaye.