Nukta Iliyosimama Njiani

Jumatatu, 3 Machi

Zahanati wameleta hapa karakanani kwetu bodi ya mashine ya joto, ile wanayolazia watoto njiti. Kengele inalia ovyo. Kapasita moja imekufa — ndiyo inayoifanya kengele isubiri sekunde tisa, isije ikapiga kelele kila joto likipanda kidogo. Mchoro unasema nano 470. Za kwetu zimeandikwa kwa maikro, na maikro moja ni nano elfu moja.

Kaka na chaki yake! Kila hesabu lazima aiandike mezani kama mtoto wa darasa la pili. Eti na mimi niandike. Nikamwambia kichwa changu hakihitaji chaki. Nano kwenda maikro unarudisha nukta nyuma, basi. 4.7. Nikachomelea, nikabonyeza kitufe cha majaribio, kengele ikalia vizuri tu. Saa sita wakaja kuichukua.

Jumatano, 5 Machi

Wifi amejifungua! Miezi saba tu. Binti, kilo moja na robo. Wamemlaza kwenye mashine ileile. Wifi anamwambia kila muuguzi: shangazi mtu ndiye aliyeitengeneza. Kichwa kimenivimba, niseme ukweli. Kaka hajala tangu jana, anacheka peke yake.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu.

Nilikuwa napanga droo. Pakiti ya 0.47 haijafunguliwa. Ya 4.7 imepungua moja. Nikahesabu kwa vidole: 470 — 47 — 4.7 — 0.47. Hatua tatu! Mimi niliishia ya pili. Nimeweka kubwa mara kumi. Kengele itasubiri dakika moja na nusu! Na kile kitufe cha majaribio hakipiti kwenye kapasita, kinaamsha kengele moja kwa moja. Ndiyo maana sikushtuka. Dakika moja na nusu ya joto kali, kwa mtoto wa kilo moja!

Nampigia Sista wa wodi. Hapokei. Kaka yuko mbele yangu, anapiga mluzi. Nikamwambia yote. Hakunifokea. Bora angenifokea. Amechukua kapasita na pasi ya kuchomelea, huyoo, ameshatoka.

Alhamisi hiyohiyo, zahanati, saa nane mchana

Sista anasema asubuhi alimgusa mtoto akakuta anachemka, mwekundu mwili mzima. Alipokuwa anahangaika na swichi ndipo kengele ikalia. Alidhani yeye ndiye kaiwahi kengele. Sasa mtoto hajambo, joto limeshuka.

Mashine ni hiyo moja tu. Imezimwa. Mtoto yuko kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Kaka anachomelea pale dirishani. Akaninong'oneza: usimwambie mama mtoto, presha yake bado iko juu, sema tunaangalia waya. Nikaitikia. Ningekataaje?

Nimetoka, nimekaa kwenye benchi la korido. Naandika nisije nikalia mbele za watu.

Wifi ananiita kutoka kitandani: Wifi! Njoo uniambie wewe, mashine ina nini? Huyu kaka yako hajui kudanganya.

Anaita tena. Mlango uko wazi, ananiona.